Fimbo ya pool ya kuagiza: nzito au nyepesi, uzito mbele au nyuma?

Kila fomu ya kuagizia fimbo ya pool ina kisanduku cha uzito. Mafundi wengi wa ng'ambo huweka chaguo za kuanzia wakia 18 hadi 21, wewe unatia alama, unatoa malipo ya kwanza, unasubiri. Fomu zinazouliza uzito huo ukae wapi ni chache. Ndiyo maana hapa Nakuru utamsikia kijana akilalamika kwamba fimbo yake mpya ni nzito mno, kumbe ukiiweka kwenye mizani ya jikoni ni nyepesi kuliko ile ya klabu aliyoizoea.

Niseme msimamo wangu mapema ili ujue ninakoelekea: amua kwanza uzito ukae wapi, halafu ndipo uamue uwe kiasi gani. Wauzaji hupanga mambo kinyume cha hapo kwa sababu uzito ni rahisi kuandika kwenye kibandiko.

Kwanza pima mpira wa mahali unapocheza

Hili watu hulipita haraka na linawagharimu. Kuna mipira ya mtindo wa Marekani, upana wake milimita 57, uzito kati ya gramu 156 na 170. Kuna midogo ya mtindo wa Uingereza ya milimita 51, na katika baadhi ya seti mweupe, yaani mpira unaogongwa kwa fimbo, huwa mdogo zaidi ya wenzake. Huna haja ya kifaa chochote: zungusha uzi kwenye mpira, kisha upime uzi kwa rula. Ukifika karibu sentimita 18 ni mkubwa. Ukiishia 16 ni mdogo.

Kama meza yako ni ya mipira midogo, fimbo ya mtindo wa Uingereza ndiyo yako: wakia 16 hadi 18, ncha nyembamba ya milimita 8 hadi 9.5, mara nyingi shafti, yaani sehemu ya mbele ya fimbo, ya mti wa ash. Ukiingia na fimbo ya Kimarekani yenye ncha ya milimita 13, utaona ncha inafunika sehemu kubwa ya mpira na hujui unagonga wapi. Kama ni mipira mikubwa, chukua ya Kimarekani: inchi 58, ambazo ni sentimita 147, shafti ya maple au kaboni, ncha ya milimita 12 hadi 13. Yaliyobaki hapa chini nayasema kwa hii ya pili, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi, ila hesabu zenyewe zinafanya kazi kwa zote.

Nyepesi au nzito

Wakia moja ni gramu 28 na kidogo. Kwa hiyo 18 ni gramu 510, 19 ni 539, 20 ni 567, na 21 ni 595. Kanuni za chama cha dunia, WPA, zinaruhusu hadi wakia 25, na hazidai uzito wa chini kabisa. Zinachodai ni urefu usiopungua inchi 40.

Wanaopenda nzito wanasema inasukuma mpira zaidi. Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Chukua mpira wa gramu 170 na mkono unaotembea kwa kasi ileile. Kasi anayopata mweupe inafuata uzito wa fimbo ukigawanywa kwa jumla ya fimbo na mpira. Fimbo ya gramu 540 inakupa 540 kwa 710, yaani 0.76. Ya gramu 600 inakupa 600 kwa 770, yaani 0.78. Umeongeza gramu 60, zaidi ya wakia mbili nzima, na mpira umeongezeka kasi kwa asilimia 2 na ushei. Huo ni mchango mdogo kuliko tofauti kati ya pigo lako moja na linalofuata. Tena mkono haubaki na kasi ileile: fimbo ikiwa nzito, wengi huipeleka polepole kidogo, na ile faida inaliwa.

Mahali ambapo nzito inasaidia kweli ni kwa mtu mwenye mkono wenye wasiwasi. Gramu za ziada hufanya fimbo isiyumbishwe na mitetemo midogo ya kifundo, na kwenye kitambaa kizito kilichochakaa, kama vile vya meza nyingi za kutumbukiza shilingi, huna haja ya kuvuta mkono mbali. Nyepesi nayo inampa mchezaji hisia ya pigo dogo: kumsukuma mweupe sentimita kumi asimame palepale ulipotaka. Kwa kuvunja, yaani pigo la kufungua mchezo, chukua unachoweza kukipeleka kwa kasi bila kupoteza mstari. Kuna wanaovunja vizuri na wakia 18.

Jambo moja halina uhusiano na kisanduku cha uzito hata kidogo: jinsi mweupe anavyokengeuka ukimpiga pembeni. Hilo linatokana na uzito wa sentimita 15 hadi 20 za mwisho upande wa ncha. Unaweza kutia risasi kilo nzima kwenye kitako na mkengeuko ukabaki uleule. Kwa hiyo muuzaji akikuambia ya wakia 21 inapiga moja kwa moja zaidi, mwache aendelee kuzungumza huku wewe ukitafuta fimbo nyingine.

Uzito mbele au nyuma

Hapa ndipo pesa zako zinapoamuliwa. Laza fimbo juu ya kidole kimoja, isogeze mpaka isiiname upande wowote, kisha upime kutoka mwisho wa raba ya kitako hadi pale kidole kilipo. Hiyo ndiyo nukta ya usawa. Fimbo nyingi za inchi 58 huangukia kati ya sentimita 44 na 50.

Linganisha mbili. Zote zina gramu 539, wakia 19 kamili. Ya kwanza ina usawa kwenye sentimita 49, tuiite ya mbele. Ya pili iko kwenye 44.5, hiyo ni ya nyuma. Mkono wako wa nyuma umeshika sentimita 32 kutoka kitakoni, na mkono wa mbele umeegemea mezani sentimita 22 kutoka kwenye ncha. Fimbo ya mbele inalalia vidole vyako vya mezani kwa gramu 99 hivi. Ya nyuma inalalia kwa gramu 72. Lebo inasema uzito mmoja, vidole vinasema robo nzima imepotea.

Sasa ifanye ile ya nyuma iwe wakia 21, nukta ileile. Vidole vya mezani vinabeba gramu 80, bado chini ya ile ya wakia 19 yenye uzito mbele. Hilo ndilo jibu la yule kijana anayesema fimbo yake nyepesi ni nzito. Anasikia uzito kwenye mkono wa mezani, na mkono huo haujui chochote kuhusu kibandiko.

Ya mbele inatulia. Inakaa kwenye vidole, ncha haipandi wakati wa kupiga, na mtu mwenye tabia ya kuinua ncha mwishoni mwa pigo atafaidika. Inafuata mstari hata mkono ukilegea. Ubaya wake ni kwamba kwa pigo laini la kumrudisha mweupe inahisi kama imelala, na mchezaji wa kifundo kilegevu ataiona nzito baada ya saa tatu.

Ya nyuma ni hai. Kifundo kinaicheza kwa urahisi, pigo fupi la kurudisha linatoka bila jasho. Lakini inasamehe kidogo. Ukibana mkono wa nyuma kwa woga kwenye mpira mweusi, ncha inaruka.

Halafu kuna ukuta. Sijaona mwongozo wa Marekani unaolizungumzia hili, kwa sababu huko wanapima chumba kabla ya kununua meza. Kwetu meza huingizwa pale ilipopatikana nafasi, kati ya kaunta na ukuta, na kila klabu ina kona ambayo lazima upige ukiwa umesogeza mkono mbele. Sogeza mshiko kutoka sentimita 32 hadi 42 halafu upige hesabu tena. Fimbo ya mbele bado inalalia vidole kwa gramu 45. Ya nyuma imebaki na 16. Kwa gramu 16 ncha inaelea, na ukiongeza chaki na shati linalogusa ukuta, mpira unaokosa ni ule rahisi. Mtu anayecheza kwenye vyumba vilivyobanana, iwe Bondeni ya Nakuru au Kondele ya Kisumu, nampeleka sentimita 47 kwenda juu bila kufikiria mara mbili.

Kimo nacho kina neno. Mtu mrefu hushika nyuma zaidi, tuseme sentimita 25. Kwake ile ya mbele inakuwa mzigo wa gramu 129 mezani. Huyo anaweza kuchukua usawa wa 45 au 46 na akahisi kile ambacho mtu wa kimo cha kawaida anahisi kwenye 51 hivi. Mfupi anayeshika 38 afanye kinyume, aende mbele. Ukisikia marafiki wawili wakibishana kuhusu fimbo moja, angalia mikono yao imeshika wapi kabla ya kuamua nani anasema ukweli.

Kinachosogeza nukta

Chukua fimbo ya gramu 539 yenye usawa kwenye 47, kisha ubadilishe kitu kimoja tu kila mara:

| Unachobadilisha | Uzito mpya | Usawa mpya |
|---|---|---|
| Bolti ya gramu 28 ndani ya kitako | 567 | 44.9 |
| Kiungo cha chuma (pale vipande viwili vya fimbo vinapoungana), gramu 28 zaidi | 567 | 48.3 |
| Shafti nzito, gramu 14 zaidi | 553 | 48.4 |

Tazama mstari wa kwanza na wa pili. Mizani inasoma namba moja, lakini nukta zimeachana kwa zaidi ya sentimita 3. Na bolti ina kituko chake: umeongeza wakia nzima, na mkono wa mezani sasa unabeba gramu 79 badala ya 87. Umefanya fimbo iwe nzito na mbele ikawa nyepesi. Ndiyo maana simshauri mtu apate wakia zake kwa kujaza bolti. Mwambie fundi afikie uzito kwa mbao na kiungo, na bolti isizidi wakia moja.

Kiungo cha chuma kinapeleka uzito katikati na kutoa mlio mkali, wengine wanaupenda. Kiungo cha mbao kwa mbao chenye skrubu ya nyuzi ngumu za kioo ni chepesi, na nukta inarudi nyuma. Ukichagua hicho na bado unataka usawa wa 48, mbao za mkono wa mbele, pale kati ya kiungo na mshiko, ziwe nzito.

Mbao zenyewe zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Maple ni nyepesi kati yake. Abunusi ni nzito, na mpingo mkavu huzama majini. Mkono wa mbele wa abunusi na kitako cha maple ni fimbo ya mbele. Ukigeuza, ni ya nyuma, na kwa macho zote mbili ni nyeusi na nyeupe. Mafundi wazuri hutoboa mbao nzito katikati na kupachika kiini cha maple ili kupunguza uzito na kuzuia kupinda. Uliza kama kazi yako itakuwa na kiini, maana hilo linabadilisha gramu nyingi. Kamba ya mshiko, iwe ya kitani au ngozi, haina athari kubwa. Chagua kwa kiganja chako.

Na ukiagiza shafti mbili, ya pili isipishane na ya kwanza zaidi ya gramu 3 au 4. Jedwali limeonyesha gramu 14 zinafanya nini mbele.

Maple au kaboni

Kwa usawa hazipishani sana siku hizi, zote huzunguka gramu 100 hadi 115. Kinachozitenganisha kwetu ni hali ya hewa. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, kando ya ziwa, joto na unyevu mwaka mzima. Maple ikiachwa imeegemea ukuta hujipinda. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na hewa ni kavu zaidi, maple inaishi vizuri ukiitunza kwenye mfuko wake. Mkazi wa Kisumu, Homa Bay au Busia mwenye uwezo, kaboni ina maana. Mkazi wa Nakuru, sioni kwa nini ulipe zaidi isipokuwa unaitaka tu, na kuitaka si dhambi.

Fundi wa ng'ambo au wa hapa

Wa ng'ambo ana mbao zilizokaushwa kwa miaka, mashine za kukereza kwa usahihi, na skrubu za kiungo zinazofuata vipimo vinavyojulikana, hivyo ukitaka shafti nyingine baadaye utapata. Ila kuna usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, na zaidi ya yote, huwezi kuirudisha. Mchezaji wa Chicago akiona nukta imekosea sentimita mbili anairejesha kwa fundi wiki ijayo. Wewe wa Kakamega utaishi nayo. Kwa hiyo fimbo yako iwe na bolti inayofunguka kwa ufunguo wa aleni kupitia kitakoni, hata kama mwenye duka anasema fimbo bora hazihitaji. Ni bima.

Fundi wa hapa anaweza kukukerezea kitako kizuri, na kuna mafundi wenye mikono hodari kati ya watengenezaji samani wa Kibuye, Kisumu, na kwingineko. Tatizo langu ni unyevu wa mbao. Mbao yenye unyevu wa asilimia 20 ikikauka hadi 12, fimbo iliyokuwa gramu 560 inabaki karibu 523, na haikuambii itapindia upande gani. Ukienda kwake, nenda na mbao iliyokauka, kipande cha samani kuukuu cha mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka ni bora kuliko ubao uliotoka msumenoni mwezi jana. Shafti, mwachie wa ng'ambo.

Kazi ambayo fundi wa jua kali anaifanya vizuri kuliko mtu yeyote ni bolti. Mpelekee mkerezaji wa vyuma bolti uliyonayo, asikisie uzi wa skrubu, aukopi.

"Fundi, hii ina gramu 56. Nataka 35, uzi usiguswe."

"Nitoboe katikati au nikate, kijana wangu?"

Mwambie atoboe katikati. Urefu ukibaki, bolti inakaza vilevile na haigongi ndani wakati wa kupiga.

Ningemchagulia nani ipi

Anayecheza klabu zilizobanana, mipira mikubwa, kimo cha kawaida: wakia 19, usawa 48, kiungo cha chuma. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, na asiyejua anachotaka aanzie hapo.

Mrefu mwenye mikono mirefu: wakia 19.5 au 20, usawa 46, au aombe inchi 59 badala ya kuongeza kirefusho cha kitako, kwa sababu kirefusho nacho ni uzito wa nyuma.

Mwenye mkono laini anayependa kumrudisha mweupe na anacheza kwenye ukumbi wenye nafasi pande zote nne: wakia 18.5, usawa 45, mbao kwa mbao. Nitamwonea wivu kidogo.

Wa mipira midogo: wakia 17, na nukta asiisumbukie kama wenzake, mpira wenyewe hauzidi gramu 120, kila fimbo inautosha.

Kabla ya kuandika agizo, nenda klabu unayoshindia, omba ile fimbo unayoikimbilia kila ukifika, ipime. Mizani ya jikoni ya kidijitali juu ya kaunta, fimbo juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisha kidole na tepu. Namba hizo mbili ndizo agizo lako, hata kama fimbo yenyewe ina ncha iliyoisha na rangi imebanduka. Ukimwandikia fundi, usiandike wakia 19 peke yake. Andika: sentimita 147, gramu 535 hadi 545 bolti ikiwa ndani, bolti isizidi gramu 28, usawa sentimita 48 kutoka mwisho wa raba, kukosea kusizidi sentimita moja, shafti gramu 105 hadi 110. Fundi wa kweli atakujibu kwa kuuliza mbao gani. Na kabla hujamaliza malipo, akutumie picha mbili: fimbo ikiwa imeunganishwa juu ya mizani, na fimbo hiyohiyo ikiwa imelala juu ya ukingo wa rula na tepu pembeni, namba zikisomeka.